Warsha ya sayansi ya Jumamosi: wanafunzi 64, seti tano za vifaa, na mikono mingi isiyogusa kitu

Mwalimu wa Ruvuma aliuliza:

Ndugu walimu wenzangu, salaam.

Ninafundisha fizikia kidato cha pili hadi cha nne katika shule ya kata ya kutwa mkoani Ruvuma. Hivi karibuni tulipata msaada wa seti tano za vifaa vya elektroniki. Kila seti ina bodi moja ya Arduino Uno (kompyuta ndogo inayofuata programu unayoiingizia), ubao wa kuchomekea sakiti, taa ndogo za LED, rezista (vipande vya kupunguza mkondo) za aina mbalimbali, vihisi vya joto na fungu la nyaya. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa, nikatangaza warsha ya Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, nikitarajia wanafunzi 20 au 30. Walikuja 64.

Sitaficha kilichotokea. Tulikuwa na kompyuta mpakato mbili, yangu na ya mwalimu wa hisabati. Saa nne na dakika chache umeme ukakatika, na kompyuta moja ikazimika papo hapo kwa kuwa betri yake imechoka. Muda uliobaki nilisimama mbele nikionyesha, nao wakitazama. Katika kila meza walikuwapo wavulana wawili walioshika vifaa tangu mwanzo hadi mwisho, nyuma yao wenzao wakichungulia kwa juu ya mabega, na pembeni wasichana wakiandika. Tulipomaliza nilimwita msichana mmoja wa kidato cha tatu, nikamuuliza amejifunza nini. Akanisomea kutoka kwenye daftari lake hatua zote za kuunganisha sakiti, kwa mpangilio mzuri kuliko nilivyozieleza mimi. Nikampa betri mbili za tochi, taa moja ya LED na rezista, nikamwambia aiwashe. Aliigeuzageuza ile taa kati ya vidole kama anayemchunguza mdudu, kisha akaniuliza mguu upi unakwenda upande gani. Jibu lilikuwa kwenye daftari lake, mstari wa tatu, amelipigia mstari chini kwa kalamu nyekundu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama ile ilikuwa warsha au ni kipindi cha kawaida kilichohamishiwa Jumamosi. Naomba msaada wa mawazo: nitawapangaje wanafunzi wengi kiasi hiki ili kila mmoja ashike kitu kwa mkono wake? Je, nianze na hizi bodi, au nimekosea hapo hapo? Zaidi ya hayo, mkuu wa shule ameniuliza, tena kwa haki, jambo hili litainua vipi matokeo ya kidato cha nne, nami sikuwa na jibu la kueleweka.

Fundi Mwalimu, Tanga:

Mwalimu, hongera kwa kuthubutu, na pole kwa umeme.

Kabla sijaingia darasani nilikuwa fundi redio kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitazungumza kwa macho ya fundi. Zifungie hizo bodi kabatini kwa Jumamosi nne za mwanzo. Si kwamba hazifai. Bodi moja ikihudumia wanafunzi 13, wawili ndio watakaojifunza na 11 watakuwa hadhira. Isitoshe, Arduino inaficha yale ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anatakiwa kuyaona. Taa ikiwaka kwa amri ya kompyuta, yeye huamini kwamba kompyuta ndiyo iliyoiwasha, wala hajiulizi mkondo umepita wapi.

Gawa hao 64 katika zamu mbili za wanafunzi 32, kila zamu saa moja na nusu, na kila zamu iwe na vikundi 8 vya watu wanne. Usizidishe wanne, wa tano huwa hana mahali pa kuweka mkono. Katika kila kikundi mmoja ashike vifaa, mmoja apime, mmoja aandike, na wa nne awe mkaguzi, ambaye kazi yake ni kutilia shaka kila kinachofanywa na wenzake. Kila baada ya dakika 20 piga kengele, wabadilishane. Usiwaachie wachague wenyewe, kwa sababu nimeona mara nyingi kwamba wakichagua wenyewe, kalamu humwendea msichana na waya humwendea mvulana, nao hawatambui hata kama wamechagua.

Kazi ya kwanza iwe betri, taa ya LED na rezista, lakini rezista isitolewe bure. Mwambie mwanafunzi: hii ni betri ya volti 9, hii taa nyekundu inachukua karibu volti 2, na tunataka upite mkondo wa miliampea 20. Njoo mezani kwangu na hesabu yako, ndipo nitakupa rezista. Atatoa 2 kwenye 9, abaki na volti 7, agawanye kwa ampea 0.02, apate ukinzani wa omu 350. Hapo utamwambia kwamba duka halina rezista ya omu 350, lina ya 330 na ya 390, achague na aeleze sababu. Akichukua ya 330, ambayo mistari yake ya rangi ni chungwa, chungwa, kahawia, mkondo utakuwa karibu miliampea 21, na taa itavumilia. Mwanafunzi aliyepitia hapo hatasahau maana ya kanuni ya Ohm, kwa kuwa aliitumia kununulia kitu.

Tenga pia taa mbili tatu za kuunguzwa makusudi. Chukua moja, uiunganishe moja kwa moja kwenye betri ya volti 9 bila rezista, waione ikiwaka kwa ukali kisha ikafa. Gharama yake ni ndogo, na somo lake linazidi ukurasa mzima wa maelezo.

Kuna jambo la lugha ambalo walimu wengi hulipita. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku kila kitu ni "umeme": volteji ni umeme, mkondo ni umeme, nishati ni umeme, na hata kampuni inayotuletea ankara ni "umeme". Sisi mafundi tumezidisha kwa kuuita "moto", kama tunaposema waya huu una moto. Mwanafunzi huingia darasani na neno moja kwa mambo manne tofauti, halafu tunamshangaa anapochanganya amita, ya kupimia mkondo, na voltimita, ya kupimia volteji. Katika warsha yangu nimeweka sheria kwamba neno "umeme" ni marufuku kwa saa moja na nusu. Sema volteji, sema mkondo, sema ukinzani. Mwanzoni hucheka, baadaye huanza kusahihishana wenyewe. Majadiliano yafanyike kwa Kiswahili hata kama ripoti itaandikwa kwa Kiingereza cha mtihani. Anayefikiri kwa lugha asiyoimudu huishia kukariri.

Kuhusu vifaa, tembelea mafundi wa mjini kwako na uombe redio na deki zilizokufa. Humo mna rezista, spika, nyaya na mota ndogo, na kazi ya kuvibandua ni warsha kamili. Hata hivyo, usikubali televisheni za zamani za kioo kizito, wala usiwape wanafunzi vipandishi vya volteji au vichaji vya simu wavifungue. Kapasita, yaani kipande kinachohifadhi chaji, iliyo upande wa umeme wa ukutani, ule wa volti 230, huweza kubaki na volti zinazokaribia 325 hata baada ya kuchomolewa. Mimi mwenyewe nilirushwa na moja nikiwa fundi mwanafunzi, na bega liliniuma siku mbili.

Maabara Ndogo, Dodoma:

Ninamuunga mkono ndugu yetu wa Tanga kuhusu vikundi vya wanne, lakini ninatofautiana naye kidogo kuhusu mahali pa kuanzia. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na uzoefu wangu ni kwamba warsha inayotegemea kitu cha kununuliwa, hata kiwe cha bei ndogo namna gani, huisha siku kitu hicho kinapoisha. Anza na vile ambavyo shule haiwezi kuvikosa.

Pendulamu, kwa mfano. Uzi wa fundi viatu, kufuli la kabati na rula. Saa ya kupimia si lazima iwe ile ya maabara, kwani saa za mkononi za tarakimu wanazouza machinga nyingi zina kitufe cha kuanzisha na kusimamisha. Urefu uwe sentimita 30, 45, 60, 75 na 90, pembe ya kuachia iwe ndogo, chini ya digrii 10, na wahesabu mabembeo 20, bembeo moja likiwa ni kwenda na kurudi. Kipindi cha bembeo moja wakikizidisha kwa chenyewe na kuchora grafu dhidi ya urefu, watapata mstari ulionyooka ambao mteremko wake ni karibu 4.03 kwa vipimo vya sekunde na mita, na kutoka hapo hupata mchapuko wa uvutano, yaani kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde, wa karibu 9.8. Hapo ndipo utakapompatia mkuu wako wa shule jibu. Mtihani wa vitendo wa fizikia wa kidato cha nne, karatasi ya pili ya somo namba 031, humtaka mwanafunzi kufanya hayo hayo: kupima, kujaza jedwali, kuchora grafu, kutafuta mteremko na kutaja chanzo cha kosa. Mwambie pia kwamba mtaala mpya unasisitiza umahiri, na umahiri hauonekani kwenye daftari la mtu aliyekuwa akitazama.

Kwa upande wa kemia, rosela ndiyo rafiki wa shule isiyo na bajeti. Chemsha maua makavu ya rosela, chuja, na utapata kimiminika chekundu ambacho kikikutana na ndimu huwaka wekundu zaidi, na kikikutana na maji ya majivu au magadi hugeuka kijani. Waache wanafunzi walete vya nyumbani kwao wenyewe, yaani maji ya kisima, sabuni ya kufulia, maziwa yaliyoganda, siki na udongo wa shambani uliolowekwa. Nimewahi kuona kikundi kikibishana karibu nusu saa juu ya sabuni ya mche na sabuni ya unga, nami sikuwaingilia.

Nisipolisema hili nitakuwa sijatimiza wajibu wangu. Walimu wengi hutumia asidi ya betri ya gari kama asidi ya salfuriki ya maabara, na ni njia nzuri, kwa kuwa inapatikana kwenye maduka ya vipuri na ukali wake huwa kati ya moli 4 na 5 kwa lita (M). Lakini si kitu cha kumpa mwanafunzi ikiwa vile vile. Ipunguze wewe kabla hawajaingia, ukimimina asidi ndani ya maji kidogo kidogo huku unakoroga, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Weka ndoo ya maji safi na bakuli la magadi karibu, moja kwa ajili ya ngozi na jingine kwa ajili ya meza.

Kosa langu mwenyewe ni hili. Miaka ya nyuma, katika shule niliyokuwa nikifanyia kazi, niliwaonyesha wanafunzi elektrolisisi, yaani kuyatenganisha maji kuwa gesi kwa mkondo, kwa kutumia vijiti vya kaboni vilivyotolewa kwenye betri za tochi zilizokwisha, na nikatia chumvi ya mezani kwenye maji ili mkondo upite vizuri. Ulipita vizuri mno. Sikukumbuka kwamba upande wa chanya chumvi hutoa klorini. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya upepo wa vumbi, na baada ya dakika kumi wanafunzi wa mstari wa mbele walianza kukohoa. Tangu siku hiyo ninatumia asidi iliyopunguzwa sana, na ninafanyia nje, chini ya mwarobaini. Nanyi msishangae gesi ya upande wa chanya ikiwa pungufu ya nusu ya haidrojeni, maana sehemu ya oksijeni huungana na kaboni ya kijiti chenyewe. Hilo nalo ni swali zuri la kuwapa.

Mwalimu wa Kilifi:

Mwalimu mwenzangu, naandika kutoka upande wa pili wa mpaka, ila tatizo lako nalijua kama naliishi.

Kwetu Kenya klabu nyingi za sayansi huendeshwa kwa kulenga Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi, yale yanayopanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Nanyi huko mna Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011. Ni mambo mema, na nimewahi kusindikiza wanafunzi hadi ngazi ya kanda. Lakini tahadhari: mashindano huchukua wanafunzi wawili kwa kila mradi, na taratibu mwalimu hujikuta anawahudumia wale sita wenye medali huku wengine 50 wakigeuka kuwa washangiliaji. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka mitatu, nikisifiwa na kila mtu. Acha mashindano yawe tunda litakaloanguka lenyewe.

Kuhusu bodi za Arduino, sikubaliani kabisa kwamba zikae kabatini kwa kuwa zinaficha mambo. Zinaficha pale tunapozitumia kama mazingaombwe. Zitumie kama kipimo. Sharti langu ni moja tu: bodi isitolewe mpaka wanafunzi wawe na swali ambalo rula na saa haviwezi kulijibu.

Nitoe mfano. Shuleni kwetu kuna madarasa yenye dari na mengine yenye bati tupu, na kila mwaka wanafunzi wa bati hulalamika kwamba wao huchemka kuanzia saa sita mchana. Basi, tukauliza: tofauti ni digrii ngapi, na huanza saa ngapi? Hapo kihisi joto aina ya LM35 kikawa na kazi. Kihisi hiki hutoa milivolti 10 kwa kila digrii moja ya selsiasi. Arduino hugawa volti 5 katika namba kutoka 0 hadi 1023, kwa hiyo hatua moja ni karibu milivolti 4.9. Mara ya kwanza sikuwaeleza lolote. Walipounganisha, skrini ikaonyesha 61. Kijana mmoja akaruka, "Mwalimu, darasa lina digrii sitini na moja!" Mwenzake akamtazama, akamwambia kwamba kama ni hivyo sote tungekuwa tumeiva. Nikawaacha na namba hiyo hadi wakagundua kwamba 61 mara 4.9 ni karibu milivolti 300, yaani digrii 30. Kisha akatokea mmoja akauliza kwa nini joto linaruka kwa nusu digrii na halipandi polepole. Swali hilo halimo katika kitabu chochote cha kidato chao, nalo lilinipa nafasi ya kuwaeleza jinsi kompyuta inavyohesabu kwa ngazi.

Kwa kazi ya namna hii bodi tano zinatosha wanafunzi wote 64. Kila bodi inakaa mahali pake, vikundi vinapokezana kusoma namba kila saa, na wote wanachora grafu moja ya shule. Kompyuta nayo inahitajika kwa muda mfupi tu. Ukishaingiza programu, ukiongeza skrini ndogo ya bei nafuu, bodi hujiendesha kwa betri, na umeme ukikatika hakuna atakayejua.

Uhandisi Mwaka wa Pili, Dar es Salaam:

Shikamooni walimu. Mimi si mwalimu, ila niliwahi kuwa yule aliyesimama nyuma akichungulia.

Kwa miaka minne ya sekondari niligusa amita mara moja, siku ya mtihani wa majaribio wa vitendo wa kidato cha nne. Nilijua kwa maneno kwamba amita huunganishwa kwa mfululizo. Niliiunganisha sambamba, mshale ukagonga mwisho wa kipimo, nikaichomoa kwa woga na nikaandika namba za kubuni kwenye jedwali. Nilipata alama nzuri kwa zile namba, na hadi leo jambo hilo hunisumbua. Nilipofika chuo nilikuta wenzangu waliozoea kushika vifaa hawakuwa na akili kunizidi, bali hawakuogopa. Kifaa kikikataa, wao walianza kukagua waya mmoja mmoja, wakati mimi nilidhani nimeharibu mali ya chuo.

Ombi langu kwenu ni hili: katika warsha zenu kiwepo kipindi ambacho kifaa kimeharibika tayari, yaani sakiti yenye waya uliokatika ndani ya plastiki, au taa iliyogeuzwa, au betri iliyokwisha, na mwanafunzi aambiwe tu kwamba haifanyi kazi, atafute. Na tafadhali namba mbaya ziruhusiwe kuandikwa jinsi zilivyo.

Mwalimu wa Ruvuma alirejea:

Ndugu zangu, asanteni sana. Nimesoma majibu yote mara mbili, na yale ya kijana wa uhandisi mara tatu. Tumekwisha kufanya Jumamosi tatu tangu hapo, nami naona ni deni kuwarudishia habari.

Nilifuata zamu mbili na vikundi vya wanne, na nikaanza na pendulamu kama alivyoshauri dada wa Dodoma, kwa kuwa nilikuwa nimebakiwa na wiki moja na sikuwa na fedha. Jumamosi ya kwanza, vikundi sita kati ya vinane vya zamu ya asubuhi vilipata mchapuko wa uvutano wa karibu 10.9. Sio 9.5 hapa na 10.2 pale, bali 10.9, 10.8, 10.9. Nilidhani saa ni mbovu. Nilitaka kuwasahihisha, kisha nikakumbuka maneno ya namba mbaya, nikaandika matokeo yote ubaoni na nikawauliza kwa nini wamekosea kwa kufanana.

Walilaumu upepo, wakalaumu kufuli, wakalaumu uzi kwamba unarefuka. Mkaguzi wa kikundi cha tano, ambaye ni yule yule msichana wa daftari nililowaeleza, aliomba kuangalia kikundi cha pili, kimoja kati ya viwili vilivyopata 9.8. Alisimama mbele yao mikono nyuma, akatazama mabembeo matatu au manne, akarudi mbio. Akasema, "Wao wanapoachia wanasema sifuri. Sisi tunasema moja." Ndivyo ilivyokuwa. Waliosema "moja" wakati wa kuachia walihesabu mabembeo 19 na kuyaita 20, kwa hiyo muda wa kila bembeo ulipungua kwa asilimia 5, na mchapuko wa uvutano, ambao hupatikana kwa kugawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe, ukapanda kwa zaidi ya asilimia 10. Tulirudia kupima wote kwa kuanza na sifuri, na vikundi vinane vikaingia kati ya 9.6 na 10.0.

Wiki iliyofuata tulikuta kosa jingine ambalo, nakiri, sikuwahi kulifikiria kwa undani. Vikundi vingine vilipima urefu hadi juu ya kufuli badala ya katikati yake. Grafu yao haikupita kwenye sifuri, ila mteremko ulikuwa sahihi, na jibu la mwisho likatoka sahihi vile vile. Tulikaa nalo hadi saa saba, nikiwa nimesahau kabisa zamu ya pili iliyokuwa ikisubiri nje kwenye jua. Niliwaomba radhi.

Mkuu wa shule alipita Jumamosi ya tatu, siku ya taa za LED na hesabu ya rezista. Hakusema mengi. Alisimama kwenye foleni ya kuja mezani kwangu, akaniuliza iwapo naye akileta hesabu atapewa rezista, nikamwambia sheria ni ile ile. Alikosea kwa kusahau kutoa zile volti 2, akapata omu 450, na mwanafunzi wa nyuma yake akamnong'oneza. Baada ya hapo ameturuhusu kutumia chumba cha maabara hata siku za Jumatano jioni, na ameahidi kununua saa sita za kupimia muda.

Kugeuza majukumu kila dakika 20 ndiko kulikoleta mabadiliko makubwa kuliko yote, ingawa kulileta kelele. Wavulana wawili walikataa katakata kuandika, wakidai mwandiko wao haufai. Niliwaambia ripoti isiyosomeka itarudiwa, na imerudiwa mara mbili. Sheria ya neno "umeme" nayo tumeichukua. Mimi ndiye ninayeivunja zaidi kuliko wote.

Jumamosi ijayo tunataka kutoa bodi kabatini, kwa sababu swali limepatikana. Sisi hatuna madarasa yenye dari, yote ni bati tupu, lakini madarasa mawili yamefunikwa na kivuli cha miembe na mengine yako uwanjani. Wanafunzi wanataka kujua mwembe una thamani ya digrii ngapi. Ndugu wa Kilifi, ninyi mlikiweka wapi kihisi? Kundi moja linataka kukibandika kwenye bati lenyewe, jingine linasema kikae juu ya dawati.

Mwalimu wa Kilifi:

Swali hilo la mwembe ni zuri kuliko letu la dari, na nitaliiba bila haya.

Msikibandike kwenye bati, maana mtapima joto la bati, na msikiache kinapopigwa na jua la dirishani, maana mtapima jua. Kining'inizeni kwa uzi katikati ya chumba, kimo cha karibu mita moja na nusu kutoka sakafuni, na mkitengenezee kofia ya karatasi nyeupe iliyo wazi chini ili hewa ipite. Kabla ya yote, viwekeni vihisi vyote vitano pamoja mezani kwa nusu saa na msome namba zao, kwa sababu havitakubaliana, na tofauti yao mtaihitaji baadaye. Kisha bodi mbili ziende kwenye madarasa ya kivulini, mbili kwenye ya uwanjani, na moja ibaki nje chini ya mwembe wenyewe. Wasome kila saa kuanzia saa mbili asubuhi, waandike na hali ya mawingu na kama madirisha yalikuwa wazi.

Lile kundi la bati wapeni nafasi yao pia, siku ya pili. Sisi tulipokibandika juu ya bati, wanafunzi walipoiona ile namba ndipo walipoacha kulalamika, wakaanza kuandika barua ya kuomba dari.